Ngoma Yake, Fuso Lako: Wagombea, Ombeni Ruhusa Kwanza

Kwanza niweke wazi ili tusije tukagombana huko mbele: sina tatizo na msanii kupanda jukwaa la siasa. Msanii ni mtu mzima, ana kadi ya mpiga kura kama wewe, ana kodi ya nyumba ya kulipa, na akipewa hela yake akaimbe kwenye kampeni hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Leo naongelea kitu kingine. Naongelea mgombea anayechukua wimbo wa mtu bila simu, bila meseji, bila hata "mambo vipi kaka", anaupakia kwenye Fuso lenye spika nane na kuuzungusha mji mzima kama vile aliutunga yeye akiwa anaoga.

Watu wa Tunduma mnalijua hilo Fuso. Kipindi cha kampeni linaanza asubuhi asubuhi, linatoka Sogea, linapita Majengo, linakatiza kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia mpaka madereva wanashusha vioo. Juu kuna jenereta, kuna DJ na laptopu yake, kuna MC mwenye sauti ya kukwaruza na mabinti wanne wamevaa fulana za chama. Ngoma ni ile ile inayotamba wiki hiyo. Ikifika kwenye kiitikio DJ anaikata, MC anachomeka jina la mgombea, watu wanaitikia, DJ anaachia tena. Na inanoga, tusidanganyane. Hata mimi kichwa kinatikisika. Bodaboda wanapiga honi, mama wa ndizi anayumba kidogo, watoto wanakimbiza gari. Dakika tano tu watu mia wamesimama kumsikiliza jamaa ambaye bila ile ngoma wangeshapita zao kwenda kubadilisha kwacha.

Hao watu mia hawajasimamishwa na ilani ya chama. Ilani hata hawajaiona. Wamesimamishwa na sauti ya kijana fulani aliyeko Dar, au Mbeya, au hapa hapa mtaa wa pili, ambaye muda huo amelala na hajui kwamba yuko kwenye kampeni.

Watu wengi mkisikia habari hizi mnakimbilia kwenye hela. "Ah, wasanii wanataka kulipwa tu." Hela ipo, nitaifikia. Ila kitu kikubwa kinachobebwa pale ni jina la mtu. Mwenye duka kule Chapwa akisikia sauti ya msanii anayempenda inatoka kwenye gari la chama fulani, hana njia ya kujua kama msanii kalipwa, kaombwa au kapigwa. Anachojua yeye ni "kumbe na huyu yuko na wale". Basi. Msanii keshapigiwa kampeni ya maisha yake bila kuulizwa.

Na mwaka jana tumeona hilo neno "yuko na wale" linaweza kumgharimu mtu kiasi gani. Kampeni zilianza Agosti 28, 2025, kura ikapigwa Oktoba 29. Yaliyotokea siku ile na zilizofuata siyaandiki hapa, hapa tunaongea burudani, na kila mtu ana mtu wake aliyeguswa. Ila mnakumbuka intaneti ilizimwa siku kadhaa, na iliporudi mnakumbuka kilichofuata. Vijana waliingia Instagram na kuanza kuacha kuwafuata wasanii na mastaa walioonekana kwenye majukwaa ya kampeni. Kwenye magrupu ya WhatsApp majina yalikuwa yanazunguka kama orodha ya wadaiwa. Kuna watu waliojenga majina yao miaka kumi, wakaamka asubuhi wanatukanwa kwenye kila picha, hata picha ya mtoto.

Sitaki kujadili kama walistahili. Aliyepanda jukwaani kwa miguu yake alijua anapanda wapi. Swali langu ni kwa yule ambaye hakupanda. Yule ambaye wimbo wake ulipigwa tu, video fupi ikarekodiwa na simu ya mtu, ikapostiwa, na watu wakasema "si huyu hapa, ngoma yake ilikuwa kwenye mkutano". Huyo anajitetea vipi? Akikaa kimya, amekubali. Akisema "sikuwapa ruhusa", upande wa pili unamwona amewakana, na hao ndio wenye kumbi, wenye vibali na wenye matamasha. Kwa hiyo mgombea amechukua dakika tatu za muziki, na msanii amebaki na kesi ya miaka mitano.

Kuna dogo mmoja wa hapa kwetu, jina nalihifadhi maana bado anatafuta maisha. Alikuwa anapakua mizigo mpakani, akidunduliza elfu mbili elfu tatu mpaka akapata hela ya kwenda kurekodi Mbeya. Ngoma ya mapenzi, haina siasa hata chembe, kamwimbia binti aliyemkataa. Ikashika. Ikaanza kupigwa kwenye baa, kwenye bajaji, kwenye sherehe za kumaliza shule. Kampeni zikafika, mgombea mmoja wa udiwani (na huyo simtaji) akaichukua. MC akawa anachomeka jina la mheshimiwa mtarajiwa pale pale palipokuwa na jina la binti. Mtaani tukacheka sana, nakiri ilichekesha.

Wiki mbili baadaye mwenye ukumbi wa kule Vwawa, aliyekuwa ameshampa dogo kianzio cha shoo ya Jumamosi, akampigia simu. Hakugombana naye. Alimwambia kiungwana tu: kijana, wewe umeshachagua upande wako, na mimi wateja wangu ni wa pande zote, tuahirishe. Dogo akarudisha kianzio. Akaenda kwa watu wa kampeni kuomba angalau elfu hamsini ya kufidia. Wakamwambia ashukuru katangazwa bure mji mzima. Akapewa fulana mbili na kofia. Kofia ameivaa mama yake shambani.

Hapo ndipo neno "promo" linaponiudhi. Promo ni pale mtu anaposema jina lako, anasema wimbo unaitwaje na unapatikana wapi. Kwenye Fuso hakuna anayetaja msanii. Tena jina la msanii linafunikwa makusudi, maana likitajwa watu watakumbuka kwamba wamekuja kwa ajili yake.

Tuwaangalie jirani zetu Wakenya, maana wao walishapita hapa na wakapigana hadharani. Mei 16, 2022, Raila Odinga alimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake pale KICC Nairobi. Shangwe za kutosha, nchi nzima inatazama. Azimio la Umoja wakaweka mtandaoni video ya tukio, na chini yake ukawa unapiga wimbo "Extravaganza" wa Sauti Sol, ule wa mwaka 2019 waliofanya na Bensoul, Nviiri, Crystal Asige na Kaskazini. Siku hiyo hiyo Sauti Sol wakatoa taarifa: hatukuombwa, hatukutoa leseni, hatuna upande wa kisiasa, tunaenda kwenye sheria. Fupi na kavu.

Mashabiki wa Azimio wakaja juu. Mlijua mtasikia nini: mnajiona, mnatafuta kiki, wimbo umetangazwa bure, mna bahati hata mzee kawasikiliza. Azimio wenyewe wakajibu kwa upole kwamba walikuwa wanaonesha mapenzi kwa vipaji vya nyumbani. Mapenzi! Mimi pia nina mapenzi na Prado ya mtu fulani hapa mjini, lakini sijaichukua.

Ila pale kuna somo ambalo wengi lilitupita. Bodi ya hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilikuja kufafanua kwamba leseni ya kupiga muziki hadharani, ile ambayo ukumbi au baa inalipia, ni kitu kimoja. Kuuchukua wimbo na kuufunga kwenye video yako ni kitu kingine, kina leseni yake, na hiyo unaiomba kwa wenye wimbo wenyewe. Yaani hata kama ukumbi umelipia kila kitu na DJ kapiga halali kabisa, ukirekodi, ukabandika picha ya mgombea juu yake na kupostiwa, umeingia kwenye nyumba nyingine na hujabisha hodi. Na kampeni za siku hizi zote ni video. Mkutano wenyewe wana watu elfu moja, video ya mkutano inaonwa na laki.

Kichekesho cha historia ni kwamba baada ya uchaguzi ule Crystal Asige, aliyeimba kwenye wimbo huo huo, aliteuliwa kuwa seneta kupitia ODM, chama cha Raila. Hakuna ubaya. Mtu mmoja kwenye wimbo anaweza kuwa na chama chake na wenzake wasiwe nacho, na ndiyo maana unauliza kabla hujapiga. Wimbo una watu wengi ndani: mtunzi, waimbaji, prodyuza, aliyegharamia. Kila mmoja ana kura yake.

Uchaguzi ule ule upande wa pili walikuwa na "Sipangwingwi" ya Exray, Trio Mio na Ssaru. Ngoma ya vijana, lugha ya mtaani tu, kukataa kupangiwa maisha. Ikageuka kuwa kaulimbiu ya kampeni ya William Ruto. Matokeo yake Aprili 2022 tume yao ya utangamano, NCIC, ikaliweka neno "hatupangwingwi" kwenye orodha ya maneno ya uchochezi. Fikiria umekaa studio na wenzako mnatafuta neno tamu la kuchezea, miezi michache baadaye neno lako linajadiliwa na tume ya serikali. Siasa ikishagusa wimbo, hairudishi ulivyokuwa.

Najua kuna mtu ananingoja na hoja yake: wimbo ukishatoka ni wa watu. Hii hoja naiheshimu, sio ya kijinga. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", neno la kutoka Kiluo lenye maana ya mtu asiyetishika. Haukutungwa kwa ajili ya chama. Ulikuwa wimbo wa vijana wawili wanaosema maisha hayawatishi. Wananchi wakaubeba, upinzani wa NARC wakaubeba, na Desemba mwaka huo KANU iliyokuwa imetawala tangu uhuru ikaondoka na Mwai Kibaki akaingia. Huwezi kuandika historia ya uchaguzi ule bila wimbo ule. Na hapa mpakani wengine tunakumbuka "Donchi Kubeba" ya Dandy Krazy mwaka 2011, wakati PF ya Michael Sata inaitafuta Ikulu ya Zambia. Ujumbe wake ulikuwa ule wa usiwaambie: pokea wanachokupa, kura yako usimwambie mtu. Nilikuwa shule ya msingi, sikujua PF ni nini, lakini ulikuwa unavuka kutoka Nakonde kama upepo, hauna pasipoti.

Kwa hiyo ndiyo, wananchi wana haki ya kuuimba wimbo wanavyotaka. Mtu akiimba barabarani akitoka mkutanoni hakuna wa kumdai. Ila mgombea sio "watu". Mgombea ni mtu mmoja anayetafuta kazi yenye mshahara, posho na gari. Ana bajeti. Kalipia Fuso, mafuta, jenereta, fulana, mabango, chakula cha vijana na MC. Ukipiga hesabu ya msafara mzima, kitu pekee kisicholipiwa ni kile kinacholeta watu. Sasa huo utamaduni wa "wimbo ni wa watu" mbona haufiki kwenye mafuta ya gari?

Tena vyama vyetu vinalijua hili kuliko sisi, maana zamani vililipia. Vijana Jazz ilikuwa bendi ya Umoja wa Vijana wa chama. Kapteni John Komba na kundi lake la TOT walitunga nyimbo za CCM miaka na miaka mpaka alipofariki Februari 2015, akiwa pia mbunge. Uzipende usizipende, zile nyimbo zilikuwa na mtunzi anayejulikana, aliyekubali, aliyevaa sare na kusimama mbele. Hakuna aliyesikia TOT akashangaa wako upande gani.

Hata kizazi chetu kina mifano ya kufuata utaratibu. Diamond Platnumz alitoa "Baba Lao" 2019, mwaka 2020 ikarudi ikiwa ya Magufuli, na aliyeimba ni Diamond mwenyewe. Harmonize aliichukua "Kwangwaru" yake akaigeuza kuwa wimbo wa kumsifu Magufuli. Unaweza kuwasema utakavyo kwa uamuzi wao, lakini ulikuwa uamuzi wao. Mdomo wao, biti yao. Tofauti na MC wa kata anayekata kiitikio cha mtu na kuchomeka jina la mheshimiwa.

Na wale wajanja wanaosema "sisi hatupigi wimbo wake, tumeurudia kwa maneno yetu", wasikilize hii. New Zealand, uchaguzi wa 2014, chama cha National kilitumia kwenye tangazo muziki uliotengenezwa ufanane na "Lose Yourself" ya Eminem. Faili lenyewe lilikuwa linaitwa "Eminem Esque", yaani hata kuficha hawakuficha. Kampuni za Eminem zikashitaki, na mwaka 2017 mahakama ikaamua chama kilipe dola 600,000 za kule. Kwenye rufaa ikapunguzwa hadi 225,000. Sauti ya Eminem haikuwepo kabisa. Kufanana tu kulitosha. Marekani nako familia ya marehemu Isaac Hayes ilimpeleka Donald Trump mahakamani Agosti 2024 kwa sababu ya wimbo mmoja uliokuwa unapigwa kwenye mikutano yake, na mwezi uliofuata jaji wa Atlanta akaamuru kampeni iache kuutumia. Mwenye wimbo amekufa tangu 2008. Hakimiliki haifi na mtu.

Hata hapa kwetu haifi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kunakili kazi yake, kuibadilisha, kuipiga hadharani, vyote ni kwa ruhusa yake. Na kuna kipengele nakipenda zaidi, haki ya kimaadili: mtunzi anaweza kupinga kazi yake isiharibiwe au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Mwenye baa hapa Tunduma anatakiwa awe na leseni ili apige muziki kwa wateja wake wanaokunywa. Wateja thelathini, spika mbili. Fuso la spika nane kwa wapiga kura elfu mbili ndilo liwe la bure?

Sasa mtaniambia, kwa nini wasishitaki? Sikilizeni. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya Tigo iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ruhusa. Tigo wakakata rufaa, ikawa safari ndefu. AY na MwanaFA walikuwa ni majina makubwa, wana wakili, wana uvumilivu. Dogo wangu wa kupakua mizigo anaanzia wapi? Nauli ya kumfuata wakili Mbeya ni mtihani. Na anayemshitaki anaweza kuwa diwani wake kesho, ndiye atakayesaini barua yake ya mkopo wa vijana wa halmashauri. Uoga wake una akili kabisa.

Ndiyo maana mimi nawalaumu zaidi waheshimiwa waliotoka kwetu. MwanaFA huyo huyo leo ni Hamis Mwinjuma, mbunge wa Muheza tangu 2020, na 2023 aliteuliwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. Babu Tale kaingia bungeni. Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini miaka kumi, Professor Jay miaka mitano Mikumi. Pande zote za siasa zimekuwa na watu wanaojua bei ya saa moja studio. Ninachokitaka kwao ni kidogo sana: vyama vinasaini maadili ya uchaguzi kila uchaguzi, mnakubaliana saa za kampeni, mnakubaliana lugha. Wekeni mstari mmoja wa nyimbo, mnyoofu, wenye adhabu. Hakuna wimbo wa mtu kwenye msafara wala kwenye video ya kampeni bila karatasi ya mwenye wimbo.

Wengine hata hawasikilizi wanachopiga. Reagan mwaka 1984 alimsifia Springsteen kwenye kampeni wakati wimbo uliokuwa unatamba, "Born in the U.S.A.", ni kilio cha askari aliyerudi kutoka Vietnam akakuta nchi haina habari naye. Kwetu bado nasubiri mgombea atakayepiga "Ndio Mzee" ya Professor Jay, wimbo unaomkejeli mgombea mwenye ahadi za uongo. Biti ni tamu, watu wanaitikia, kuna DJ ataiweka tu siku moja.

Na mkumbuke siasa inavyoweza kuugeuzageuza wimbo inavyotaka. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya "Wapo". Ndani ya muda mfupi waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ushauri juu ya nani wengine wa kuimbwa. Wimbo ule ule, herufi zile zile, umetoka kuwa kosa ukawa kipenzi, na mwenye wimbo katika yote hayo alikuwa anapelekwa tu. Mimi namshangilia Nay kwa kuachiwa. Ila nikajifunza kwamba mwanasiasa akisema anaupenda wimbo wako, swali la kwanza ni anataka kuupeleka wapi.

Na sisi mashabiki tuna kazi yetu. Ukiona video ya mkutano ina sauti ya msanii fulani, kabla hujaandika matusi, mpe siku mbili. Mwulize. Kama yuko jukwaani na kofia kichwani, haya, mlaumu au mpongeze, ni juu yako. Kama ni sauti tu inatoka kwenye spika, inawezekana kabisa yeye ndiye aliyeibiwa na wewe unampiga mwenye nyumba badala ya mwizi. Na wewe msanii, usingoje uchaguzi. Weka jina la mtunzi na prodyuza kwenye maandishi, sajili wimbo COSOTA ungali mpya, na siku ukisikia umepigwa usipopenda, toa taarifa ya mistari mitatu kama Sauti Sol. Hawakumtukana mtu, walisema tu hatukuombwa.

DJ mmoja wa misafara, rafiki yangu, alinijia juu nilipomweleza haya. Akasema mimi naleta mambo ya Dar, huku mpakani mgombea anakupa flashi na elfu thelathini, unapiga, unaondoka, nani ana muda wa karatasi. Nikamwuliza ngoma anazipataje. Akasema anatumiwa na wasanii wenyewe WhatsApp, wanamsumbua usiku na mchana apige. Kwa hiyo namba zao anazo. Nikamwomba siku ya msafara awaandikie tu: "kaka, kesho nipo na mgombea fulani, nipige ngoma yako au niiache?" Alicheka, akasema nusu yao watakataa.

Hiyo nusu ndiyo ninayoiongelea.